Nilivyotafuta historia ya ndizi na unga wa njano katika maktaba za Moshi

Mama yangu alikuwa amehifadhi daftari la mwaka 1975 ndani ya sanduku la bati, chini ya vitenge, na mimi nililiona kwa mara ya kwanza siku tulipotoa vitu nje ili fundi apake rangi chumba chake. Jalada limepauka na kurasa nyingi zimechomoka. Juu yake ameandika kwa kalamu ya risasi, kwa herufi kubwa za mtu anayejizoesha kuandika, maneno matatu: CHAKULA NI UHAI. Ndani kuna majina ya vyakula, michoro ya mboga, na katika ukurasa wa mwisho mstari mmoja usiohusiana na somo: "Unga wa Yanga kilo 5."

Nilipomuuliza, Mama alieleza kwamba ulikuwa unga wa mahindi ya njano kutoka nje ya nchi, na kwamba watu waliuita hivyo kwa sababu ya rangi ya jezi za Yanga. Mama mkubwa, ambaye alikuwa ameketi mlangoni akimenya ndizi mshare za mtori, supu yetu ya ndizi, alimkatiza mdogo wake na kusema kwamba unga wa njano aliujua yeye tangu wakati wa Uhuru, baba yao alipokuwa kibarua huko tambarare, na kwamba ulipimwa kwa ratili, kipimo cha uzito cha kabla ya kilo. Wakabishana kwa muda, kila mmoja akiwa na hakika yake. Nami nikabaki na maswali mawili: ni nani kati yao aliyekumbuka sawasawa, na imekuwaje watu wenye migomba hadi mlangoni wakahitaji unga uliovuka bahari?

Nafundisha somo la Historia katika shule ya sekondari hapa Moshi, kwa hiyo nilidhani kazi hii itanichukua likizo moja. Imenichukua likizo tatu, na ningependa kueleza jinsi nilivyoifanya, kwa sababu sehemu kubwa ya muda niliopoteza mwanzoni ilitokana na kutafuta mahali pasipofaa.

Siku ya kwanza nilikwenda kwenye maktaba ya mkoa, nikaenda moja kwa moja kwenye rafu ya 641, ambayo katika mfumo wa Dewey ndiyo namba ya vyakula na vinywaji. Nilikuta vitabu vya mapishi na vya lishe, vizuri kwa kazi yake, lakini hakuna hata kimoja kilichosema ni nani aliyeamua watu wale nini. Mama mmoja mhudumu, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliniona nikirudisha kitabu baada ya kitabu. Baada ya kumwamkia na kumweleza shida yangu aliniuliza, "Mwalimu, wewe unatafuta chakula cha kupikwa au chakula cha kugombaniwa?" Nilimjibu kwamba ni cha kugombaniwa. "Basi hapa si kwako," alisema, akaniandikia namba nne kwenye kipande cha karatasi: 338.1 kwa uchumi wa kilimo, 363.8 kwa upatikanaji wa chakula na njaa, 394.1 kwa desturi za kula na kunywa, na 967.8 kwa historia ya Tanzania. Karatasi hiyo ninayo hadi leo, kwa sababu ndiyo iliyonifunza kwamba siasa ya chakula haikai mahali pamoja katika maktaba. Imetawanyika katika bei, sheria, usafirishaji, ardhi na ushirika, na mtafiti asiyejua hivyo ataondoka akiamini kwamba hakuna kilichoandikwa.

Jambo la pili nililojifunza ni kuandaa orodha ya maneno kabla ya kufungua katalogi. Neno "chakula" halikunisaidia sana. Maneno yaliyonisaidia yalikuwa nafaka, njaa, akiba, bei ya mkulima, magendo, mgawo, na zaidi ya yote, posho. Neno hili la mwisho ningependa kulieleza kwa kirefu, maana ndilo lililofungua mlango.

Leo mtu akisema posho tunafikiria fedha za semina au za safari ya kikazi. Lakini katika maandishi ya wakati wa ukoloni posho ni chakula ambacho mwajiri alimpimia kibarua wake, na chakula chenyewe kilikuwa hasa unga wa mahindi. Ndiyo maana mpaka sasa jirani zetu wa Uganda huuita ugali posho. Katika mashamba makubwa ya mkonge na mengineyo, sehemu ya ujira ilitolewa kwa njia hiyo. Mahindi yalifaa kwa kazi hiyo kwa sababu hukaushwa, hutiwa kwenye magunia, hupimwa kwa mizani, husafirishwa kwa reli na kukaa ghalani miezi mingi. Mkungu wa ndizi hauwezi kufanyiwa hayo yote, kwa kuwa ndani ya siku chache umeiva, na siku chache baadaye umeharibika. Nilipofika hapo nilianza kuona kwamba ugali haukuenea nchini kwa sababu ya ladha pekee. Ulienea pia kwa sababu ni chakula ambacho mwajiri, mfanyabiashara na serikali wanaweza kukihesabu, na babu yangu aliyeshuka tambarare kutafuta kazi alikutana nacho akiwa kibarua, si akiwa mkulima.

Hapo nikarudi kwenye ubishi wa Mama na Mama mkubwa. Katika vitabu vya historia ya uchumi nilithibitisha kwamba nchi ilipata upungufu mkubwa wa chakula mwaka 1961 na 1962, kutokana na ukame uliofuatwa na mafuriko, na kwamba Marekani ilitoa msaada wa mahindi. Nilithibitisha vilevile kwamba upungufu mwingine mkubwa ulitokea mwaka 1973 hadi 1975, serikali ikalazimika kutumia fedha nyingi za kigeni kuagiza nafaka. Kwa hiyo unga wa njano ulikuwa na nafasi ya kuingia katika kumbukumbu za familia moja zaidi ya mara moja, na kilichonisaidia kuzitenganisha kumbukumbu hizo ni vipimo. Mama mkubwa anasema ratili kwa sababu aliupokea unga wake kabla nchi haijaingia katika mfumo wa metriki. Mama ameandika kilo kwa sababu wakati wake mizani ilikwisha kubadilishwa. Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Nilipowaeleza, Mama mkubwa hakushangaa hata kidogo; aliniambia tu kwamba angeniambia mapema kama ningemuuliza kuhusu mizani.

Ninamshauri yeyote anayekusanya masimulizi ya wazee kuhusu chakula asiulize mwaka. Aulize kipimo, aulize sarafu, aulize unga ulikuja katika gunia la namna gani na nani aliyekuwa akigawa. Majibu ya maswali hayo yanaweza kulinganishwa na maandishi, ilhali mwaka ukitajwa bila ushahidi mwingine haulinganishwi na chochote.

Daftari la Mama nalo lilikuwa na historia yake. Chakula ni Uhai ilikuwa kampeni ya elimu ya watu wazima ya mwaka 1975, iliyoendeshwa kwa vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, kama ilivyokuwa Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Haikuzuka peke yake. Mwaka 1972 TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikuwa imetoa tamko la Siasa ni Kilimo mjini Iringa. Mwaka 1973 Shirika la Taifa la Usagishaji, ambalo watu wengi wanalijua kwa herufi zake NMC, lilikabidhiwa ununuzi wa nafaka. Kisha kukafuata wito wa Kilimo cha Kufa na Kupona. Nilipoyapanga matukio haya kwenye kadi, moja chini ya nyingine, niliona kwamba Mama alikuwa akijifunza kuandika neno "protini" katika miaka ileile ambayo taifa lilikuwa likihangaika kujaza maghala.

Kuhusu chanzo cha upungufu ule, maktaba haikunipa jibu moja, na nadhani hilo ndilo lililonifaa zaidi. Hotuba na taarifa za serikali za wakati ule zinasisitiza ukame. Watafiti wengi walioandika baadaye wanaongeza bei ndogo aliyolipwa mkulima na uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa, uliofanyika kwa haraka na mara nyingine katika msimu wa kilimo. Nilijizoesha kuandika juu ya kila kadi, kabla ya kunakili chochote, ni nani anayesema, alisema lini, na alikuwa na maslahi gani katika jambo hilo. Hotuba ya bajeti ya Waziri wa Kilimo ni chanzo kizuri sana, lakini ni maneno ya mtu anayeomba fedha bungeni, na inafaa isomwe hivyo.

Likizo ya pili niliitumia katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza mwaka 1963 kama Chuo cha Ushirika. Nilikwenda na barua ya utambulisho kutoka shuleni, nikapokelewa vizuri. Lengo langu lilikuwa ndizi, kwa kuwa kufikia hapo nilikuwa na kadi nyingi za mahindi na chache mno za chakula ambacho nimelelewa nacho. Takwimu rasmi zinazungumzia nafaka ukurasa baada ya ukurasa. Ndizi, kama zipo, zimepewa mstari mmoja. Kwa siku tatu nilifikiri nimekosea njia. Kisha nikafungua maandishi kuhusu kahawa.

Kahawa ya wakulima wa Kilimanjaro ina kumbukumbu nyingi kuliko zao lolote la mlimani, tangu chama cha kwanza cha wakulima mwaka 1925, KNCU, yaani chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, iliyochukua nafasi yake mwaka 1933, ghasia za mwaka 1937 za wakulima waliopinga kulazimishwa kuuza kupitia ushirika, kuvunjwa kwa vyama vikuu mwaka 1976 na kurudi kwake mwaka 1984. Na kwa kuwa kahawa hupandwa chini ya migomba, ndizi zimo humo humo. Zimetajwa kama kivuli, au kama majani ya kufunika udongo, na mara chache tu kama chakula. Nilisoma kwa makini kila sentensi ya namna hiyo, kwa sababu nyuma ya neno "kivuli" kulikuwa na chakula cha nyumba nzima. Kahawa ilikuwa mali ya baba na fedha yake iliandikwa kwenye vitabu vya chama. Ndizi zilisimamiwa na mama, naye aliziuza sokoni kwa mkungu au kwa kichana, bila stakabadhi. Uchache wa kadi zangu haukuwa na maana kwamba ndizi hazikuwa na umuhimu. Ulinionyesha ni kazi ya nani iliyoonekana inafaa kuandikwa.

Baada ya kahawa, mahali palipokuwa na utajiri mkubwa kuhusu ndizi ni maandishi ya wamisionari na wanaanthropolojia, pamoja na jarida la Tanganyika Notes and Records, lililoanza mwaka 1936 na baadaye kubadilishwa jina kuwa Tanzania Notes and Records. Toleo lake la 64, la mwaka 1965, linahusu Kilimanjaro. Humo na kwingineko kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, mifereji ya kumwagilia na ulezi wa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, vinajadiliwa kwa undani. Wamisionari wanahitaji kusomwa kwa uangalifu, hasa wanapozungumzia pombe, lakini waliishi mlimani muda mrefu na walikuwa wasikilizaji wazuri wa lugha. Hapo ndipo nilipopata pia fundisho lililotikisa fahari yangu ya nyumbani. Migomba asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, na mahindi yalitoka Amerika yakaletwa kupitia pwani enzi za Wareno, ingawa jina tulilolipa linaelekeza India. Katika mbege, ulezi ndio wenye asili ya Afrika.

Sitaki kuficha ugumu wa kazi yenyewe. Katika maktaba moja nilikuta majalada ya magazeti ambayo kurasa nilizozihitaji zilikuwa zimekatwa kwa wembe, na siku nzima ikapotea. Nilisafiri hadi Dar es Salaam, kwenye sehemu ya East Africana, yaani ya maandishi yahusuyo Afrika Mashariki, ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kusoma magazeti mengine ya zamani, na huko nilijuta kufika bila tarehe mahususi, kwa maana gazeti la kila siku halisomeki lote. Aendaye huko aanze na vitabu, atoe miezi miwili au mitatu inayomhusu, kisha aombe magazeti ya miezi hiyo tu. Kalamu iwe ya risasi, na ruhusa ya kupiga picha kwa simu iombwe kwanza.

Sasa nina kadi mia tatu na kidogo ndani ya boksi la viatu, zimepangwa kwa herufi. Kwenye N kuna kadi moja isiyo na maelezo yoyote isipokuwa maelekezo: "Ndizi: tazama Kahawa, tazama Kivuli, tazama Soko, tazama Mbege." Nilimsomea Mama nyingi kati ya hizo jioni moja mwezi uliopita. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba daftari lake, akaongeza chini ya ule mstari wa mwaka 1975, kwa mwandiko ambao sasa unatetemeka, bei aliyoilipa kwa mkungu wa mshare soko la Mbuyuni asubuhi ile, na tarehe.