Vijiti Kwanza: Siku Moja Maishani Mwangu Nikichora Picha za Vitabu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Siku yangu huanzia kituo cha daladala, hapa Tabata, ingawa ofisi yangu ni chumbani kwangu na sina safari yoyote. Ninakwenda kituoni na daftari dogo na penseli laini kwa sababu hapo watu husimama, huegemea, hunyanyua mizigo na kugombea mlango bila kujua kwamba wanachorwa, na hakuna hata mmoja anayetulia kwa zaidi ya nusu dakika. Kwa muda huo mfupi huwezi kuchora uso wala mkunjo wa shati. Unachoweza kuchora ni vijiti: yai dogo la kichwa, mstari wa uti wa mgongo, kijiti kimoja cha mabega, kingine cha nyonga, kisha mikono na miguu ikiwa na vitone penye viwiko na magoti. Leo nimepata watu kumi na wanane. Niliyempenda kuliko wote ni kondakta aliyening'inia mlangoni kwa mkono mmoja, mwili wake wote ukiwa upinde mmoja kuanzia kwenye vidole hadi kisigino.

Saa mbili. Nimekaa mezani na chai ya rangi. Kitabu ninachokichorea ni cha hadithi za Darasa la Pili, na kati ya picha zilizokwisha kukabidhiwa, mhariri amenirudishia moja ikiwa na maneno mafupi pembeni: "Huyu mama anayetwanga anaonekana kama anaanguka." Nilikasirika kidogo, kwa kuwa kanga ya mama huyo ilinichukua karibu saa tatu, ua kwa ua. Hata hivyo, kanga haimsimamishi mtu. Nilikuwa nimeichora picha ile kwa haraka nikianzia kichwani na kushuka, bila vijiti, kwa kuamini kwamba baada ya miaka yote hii mkono wangu unajua njia.

Nimeweka karatasi nyembamba juu ya picha na kuanza kutafuta mifupa ndani ya nguo, kazi ambayo ilipaswa kutangulia. Kipimo changu ni kichwa. Mtu mzima wa kawaida hutimiza vichwa saba na nusu kutoka utosini hadi nyayoni, na wachoraji wanaotaka kumtukuza mtu humpa vinane. Katikati ya urefu wake ni kinena, si kitovu kama wengi wanavyodhani, na mikono ikining'inia, viganja huanzia karibu na usawa huo. Mtoto wa mwaka mmoja ni vichwa vinne tu, na wa Darasa la Pili ni kama sita, ndiyo maana ukimchora mtoto kwa vipimo vya mtu mzima na kumfupisha tu, unapata mzee mdogo aliyevaa sare ya shule. Mama yangu wa kwenye picha alikuwa na vipimo sahihi. Kosa halikuwa hapo.

Basi nikatumia timazi, ule uzi wenye kitu kizito nchani. Fundi muashi haukubali ukuta mpaka auning'inizie timazi, nami hufanya vivyo hivyo kwa mtu niliyemchora: kutoka kwenye kishimo kilicho chini ya koo huteremsha mstari wima hadi ardhini. Aliyeweka uzito wake kwenye mguu mmoja, mstari humwangukia karibu na mguu huo. Aliyeugawa kwa miguu yote miwili, huanguka kati ya nyayo zake. Ukitoka nje kabisa, basi mtu huyo anakimbia, au kuna kitu amekiegemea, au anaanguka. Mstari wa mama yangu ulipita mbele ya vidole vya miguu na kutua karibu na mdomo wa kinu, hali mikono yake imeinua mchi juu. Mhariri alikuwa na haki.

Saa nne. Bahati iliyoje, mama mwenye nyumba alikuwa uani akitwanga kisamvu. Nilimwamkia, akaitikia, nikaomba ruhusa ya kukaa kwenye kigoda nimchore. Nilichokiona ni kitu nilichokuwa nimekitazama tangu utotoni bila kukiona. Mguu mmoja umetangulia kidogo na miguu imepanuka. Mchi unapopanda, mwili wote unarefuka, visigino vinakuwa vyepesi na kifua kinafunguka. Mchi unaposhuka, magoti yanalegea, nyonga zinarudi nyuma na mgongo unajikunja, ili mikono isiifanye kazi yote peke yake. Kumbe kuna mikao miwili, na kosa langu lilikuwa kuichanganya: mikono niliichora kwenye mkao wa juu, mgongo na miguu kwenye mkao wa chini.

Nilimwonyesha picha iliyorudishwa. Aliitazama huku akifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Mwanangu, huyu wako anachungulia kinu, hatwangi."

Saa saba. Wali na maharage kwa mama ntilie, nikarudi.

Saa nane. Mchana wote nimeuachia mama huyu pamoja na picha ya dereva wa bodaboda. Kwa mama sikuanza na kichwa wala na uti wa mgongo, bali na mstari mmoja tu uliopinda, kutoka kwenye ncha ya mchi, kupitia mikono, kifua na paja, hadi kwenye mguu wa nyuma. Mimi huuita mstari wa mwendo. Vijiti vinavyochorwa bila mstari huo huwa sahihi na vikavu, kama mtu aliyefungwa mbao mwilini. Juu yake ndipo nilipoweka kijiti cha mabega na cha nyonga, nikahakikisha havilali sambamba, kwa kuwa mwili wenye uzito kwenye mguu mmoja huinua nyonga ya upande huo na mara nyingi hushusha bega la upande huohuo. Wachongaji wa Ugiriki ya kale waliutumia ujuzi huo zaidi ya miaka 400 kabla ya Kristo.

Kwa dereva wa bodaboda vijiti viliniangusha. Anakuja moja kwa moja kumwelekea msomaji, kwa hiyo paja lake, ambalo kwa ubavu lingekuwa kijiti kirefu, kwa mbele linakuwa kama kitone. Hapo ninaacha vijiti na kushika maboksi: boksi la kifua, boksi la nyonga, na mapaja kama vipande vya bomba vinavyoonyesha mdomo. Si ubunifu wangu; Luca Cambiaso wa Genoa, aliyefariki mwaka 1585, alichora makundi mazima ya watu kwa maboksi matupu. Kuna wanaonishauri ninunue mwanasesere wa mbao mwenye viungo. Ninaye, yuko juu ya kabati. Hawezi kuchuchumaa, hawezi kukaa mkekani, na katika vitabu ninavyochora karibu kila mtu huchuchumaa au hukaa mkekani.

Saa kumi na moja jioni. Vijana wawili wa mtaani huja kujifunza. Mmoja huanza kila mtu kwa kope za macho. Leo nimemnyang'anya kifutio na kumpa nusu dakika kwa kila mkao, huku mwenzake akijifanya anachota maji. Amelalamika kwamba vijiti ni michoro ya chekechea. Nimemwonyesha picha za michoro ya mwambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006: watu wekundu, warefu, wembamba kama vijiti, na bado unatambua wamesimama namna gani. Alinyamaza, akachora mtu wa ndoo. Ndoo ilikuwa imejaa, lakini kijiti cha mabega kilikuwa kimelala sawasawa kama meza. Nilimwambia aende nje akabebe ndoo ya kweli kwa mkono mmoja, aangalie bega la pili linafanya nini. Alirudi na suruali imelowa, akakichora upya kikiwa kimeinama upande wa pili, kwa sababu mwili hujipinda kuukimbia mzigo.

Saa mbili usiku. Mama wa kinu amekamilika kwa wino, na kanga yake nimeinakili kutoka kwenye picha ya kwanza, maua yakiufuata mwili mpya. Kabla ya kuituma nimeipeleka kwa mama mwenye nyumba. Amesema sasa anatwanga. Kisha akaweka kidole kwenye mchi: "Lakini huu wa kutwangia vitunguu saumu, baba." Tumekwenda uani na tochi ya simu, nikausimamisha mchi wake kando yake. Ulimfikia begani, yaani zaidi ya vichwa sita. Wangu ulikuwa na vichwa vinne.

Saa nne usiku. Nimeurefusha mchi, mikono ikabidi ipande, na timazi imesogea tena nusu ya unyayo. Karatasi nyembamba imerudi mezani, na ninaanza na ule mstari mmoja uliopinda.