Nguo hazikauki: masika yakigoma kuisha

Masika ya Dar kwa kawaida ni Machi hadi Mei. Jua likigoma wiki nzima, kinachotesa zaidi ndani ya nyumba ni nguo. Ule uvundo msilaumu sabuni: ni bakteria wanaozaliana kitambaa kikikaa na unyevu muda mrefu. Kwa hiyo pambana na muda wa kukauka. Fua chache chache, kamua, kisha viringisha nguo ndani ya taulo kavu na uikanyage. Jinzi hasa, maana maji hujificha kwenye mshono wa kiuno na mifukoni. Geuza mifuko nje. Anika kwa henga, ukiacha nafasi ya kiganja kati ya nguo na nguo, feni ipulize kutoka pembeni, dirisha likiwa wazi. Feni bila dirisha huzungusha unyevu uleule, na kuta huota ukungu.

Iliyokwisha kunuka iloweke nusu saa kwenye ndoo ya maji yenye kikombe 1 cha siki nyeupe, halafu suuza. Siki isikutane kamwe na dawa ya klorini; hutoa gesi ya sumu.

Na jiko la mkaa chumbani ili zikauke? Thubutu! Hewa yake huua watu usingizini.

Kabati nalo lisogezwe sentimita 5 hivi kutoka ukutani, hewa ipite nyuma yake.