Nimetembelea chuo Uingereza nikiwa Tabata, Dar

Jumamosi nilikuwa na opendei, yaani siku ya chuo kujitambulisha, ya mtandaoni ya chuo kimoja cha Uingereza, kwa watu wanaotaka kusoma masters. Tangazo liliandika saa nane mchana kwa saa zao, mimi nikajua tofauti ni masaa mawili basi saa kumi kamili nishaingia Zoom, kilemba kichwani, kumbe wenzetu mwisho wa Oktoba wanarudisha saa nyuma, hapo tofauti inakuwa masaa matatu! Nikakaa saa zima naangalia skrini tupu na bando linakatika.

Walipoanza, nusu saa ya kwanza ilikuwa picha za maktaba na majani mabichi, hapo nilienda kuepua maharage. Utamu uko kwenye maswali. Mdada mmoja anayesoma hapo sasa hivi alisema ukweli, masters ya mwaka mmoja haina kupumua, unafika Septemba na kabla ya Krismasi una esei za kutosha, tena kodi ya chumba usiihesabu kwa shilingi utalia.

Mimi niliuliza skolashipu. Kwa Chevening, ile skolashipu ya serikali ya Uingereza, wanataka uzoefu wa kazi masaa 2,800, kama miaka miwili hivi, halafu unachagua kozi tatu za kuomba na ukimaliza masomo unarudi nyumbani angalau miaka miwili. Masaa ninayo. Kilichonitoa jasho ni barua za watu wa kunipendekeza, maana bosi wangu hata meseji hajibu.