Jinsi Nilivyoufuatilia Mtetemo wa Kilomita 90 Hadi Kwenye Pembe za Propela

Gari langu ni Ford Escort ya mwaka 1973, ya kizazi cha kwanza, yenye injini mbele na propela shafti moja ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu ya nyuma, yaani meno yaliyo katikati ya ekseli yanayozungusha magurudumu. Giaboksi yake ya awali ilikuwa ya gia nne. Niliitoa nikafunga ile ya gia tano iitwayo Type 9, ambayo Ford waliitumia kwenye Sierra, na kwa kuwa hiyo ni ndefu zaidi, propela ilibidi ifupishwe na bamba la chuma linaloibeba giaboksi litengenezwe upya. Kazi ikiwa bado juu ya stendi, nikaona niteremshe pia sehemu ya nyuma ya gari kwa kuweka vipande vya chuma vya unene wa milimita 50 kati ya ekseli na springi za mabamba. Nayataja yote haya mapema kwa sababu chanzo cha taabu yangu kilikuwa humo tangu siku ya kwanza, nami nilichukua karibu miezi minne kukiona.

Mtetemo ulianza gari lilipofika kilomita 80 kwa saa, ukafikia kilele kwenye 90, kisha ukapungua taratibu hadi kwenye 105, ambapo ulibaki muungurumo wa mbali. Usukani ulitulia kabisa mikononi. Kilichotetemeka ni sakafu, kiti na mpini wa gia, ambao ulilia kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Nikiushika kwa vidole viwili sauti hukatika, nikiuachia hurudi. Kwenye kioo cha ndani, namba za gari lililokuwa nyuma yangu ziligeuka ukungu usiosomeka.

Miezi miwili ya mwanzo niliipoteza kwa kupiga ramli. Nilibalansi magurudumu mara mbili, kisha nikaazima mengine manne yaliyojulikana kuwa mazima, na hali haikubadilika hata kidogo. Nikabadilisha mipira inayoshikilia injini na giaboksi. Nikairudisha propela kwa fundi aliyeifupisha, akaipima kwenye mashine mbele yangu na kuniambia, bila hasira yoyote, kwamba uzani wake uko sawa na tatizo langu haliko pale. Sikumwamini wakati ule, jambo ambalo baadaye nilimwomba radhi. Tulipoilaza propela juu ya meza iliyonyooka tuliona pia kwamba uma za ncha zake mbili, zile zinazoshika viungo vyake, zimeelekea upande mmoja kama inavyotakiwa, kwa hiyo hata kosa la kuzichomelea zikiwa zimepishana halikuwapo.

Hapo ndipo nilipoacha kununua vipuri na kuanza kuhesabu. Kila kinachozunguka kwenye gari kina mwendo wake, na mtetemo hubeba alama ya kitu kinachouzalisha. Ukijua unatikisika mara ngapi kwa sekunde, orodha ya washukiwa hupungua mara moja. Nilichora alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, nikalisukuma gari hadi tairi likamaliza mzunguko mmoja, nikapata mita 1.75. Kilomita 90 kwa saa ni mita 25 kwa sekunde, kwa hiyo gurudumu huzunguka mara 14.3 kwa sekunde. Difu yangu ina meno 35 kwa 9, yaani propela huzunguka mara 3.89 kwa kila mzunguko wa gurudumu, hivyo propela kwa mwendo huohuo huzunguka takriban mara 55.6 kwa sekunde. Gurudumu bovu lingetikisa mara 14. Propela isiyo na uzani sawa ingetikisa mara 55 au 56. Pembe mbaya za krosi, yaani viungo vinavyokunjika kwenye ncha za propela, hutikisa mara mbili kwa kila mzunguko wa propela, yaani kama mara 111.

Niliweka kwenye simu programu ya kuchambua sauti, nikamwomba rafiki yangu akae kiti cha nyuma na simu ikiwa karibu na sakafu, nami nikashikilia kilomita 90 katika gia ya nne. Mstari mrefu ulisimama kwenye 111. Nilifurahi, kisha nikatambua kwamba nilikuwa karibu kujidanganya. Katika gia ya nne injini na propela huzunguka kwa mwendo mmoja, na injini ya silinda nne nayo huwaka mara mbili kwa kila mzunguko wake. Kwa hiyo namba 111 ingeweza kutoka kwenye injini vilevile. Ilibidi kuzitenganisha. Niliingiza gia ya tano, ambayo uwiano wake ni 0.82, yaani injini huzunguka mara 0.82 kwa kila mzunguko wa propela, nikarudi kwenye mwendo uleule wa kilomita 90. Sauti ya injini ilishuka hadi karibu 91, lakini mstari wa 111 haukusogea. Mwisho nikakanyaga klachi na kutoa gia kabisa, injini ikashuka hadi mzunguko wa kupumzika, na katika sekunde chache za kuserereka mstari ule ulikuwa ungali pale, mfupi kidogo tu. Injini, klachi na flaiwili vilitoka kwenye orodha siku hiyo hiyo. Kwa wote wanaohangaika na tatizo la namna hii, jaribio hili la gia mbili kwa mwendo mmoja ndilo ningelifanya kabla ya kufungua hata nati moja.

Kiungo cha krosi, ambacho Robert Hooke alikieleza huko Uingereza katika karne ya 17, kina tabia moja isiyoonekana kwa macho. Kikikunjwa kwa pembe, upande unaoendesha huzunguka kwa mwendo usiobadilika, lakini upande unaoendeshwa huharakisha na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko. Kwa pembe ya nyuzi 3.5 tofauti hiyo haifiki hata sehemu mbili kwa elfu, lakini inajirudia mara 111 kila sekunde kwenye chuma kizito. Ndiyo maana propela huwekewa krosi mbili: pembe ya krosi ya nyuma ikilingana na ya mbele, na uma zikiwa zimepangwa sawa, krosi ya pili hufuta kile kilichozalishwa na ya kwanza. Zisipolingana, tofauti inayobaki huenda moja kwa moja kwenye mwili wa gari.

Kupima kulitaka uangalifu kuliko nilivyotarajia. Mara ya kwanza nililinyanyua gari kwa kubeba mwili wake, ekseli ikaning'inia, na namba nilizozipata hazikuwa na maana yoyote, kwa kuwa ekseli ikining'inia pembe zote hubadilika. Mara ya pili niliziweka stendi za nyuma chini ya ekseli yenyewe na za mbele chini ya mikono ya chini ya magurudumu, uzito wote ukawa juu ya springi kama gari lilivyo barabarani. Nilitumia kipima pembe cha kidijitali chenye sumaku, nikakiweka kwenye uso uliochongwa wa giaboksi, kisha juu ya bomba la propela lililosafishwa matope, kisha kwenye flenji ya difu. Giaboksi ilikuwa imeinamia nyuma kwa nyuzi 4.5, propela nyuzi 1, na difu nyuzi 1.5. Maana yake krosi ya mbele ilikuwa ikifanya kazi kwa pembe ya nyuzi 3.5 na ya nyuma kwa nusu nyuzi tu.

Nilipoifungua krosi ya nyuma, chuma kilithibitisha hesabu. Niliifuta grisi kwenye mguu mmoja wa krosi kwa kitambaa, nikapitisha ukucha juu yake polepole, na ukucha ukakwama: kulikuwa na mistari myembamba iliyokaa kwa nafasi sawa, kila mmoja mahali ambapo sindano ya beringi ilikuwa imelala. Krosi ile ilikuwa na miezi michache tu. Sindano hizo zinahitaji pembe ndogo ili zibiringike na kusambaza grisi. Krosi ikikaa karibu kunyooka, hubaki palepale zikigongagonga chuma kilekile hadi zinakichimba. Mara nyingi nilikuwa nimeishika krosi hiyo kwa mkono chini ya gari na kuitikisa, nikaiona haina mchezo, nikaiacha.

Makosa yalikuwa mawili na yote ni ya mabadiliko yangu. Bamba nililotengeneza liliishusha giaboksi kupita kiasi, na vile vipande vya milimita 50 vilikuwa vimeipandisha ekseli kiasi cha kuilaza propela. Nililirekebisha bamba ili mkia wa giaboksi upande milimita 15, nikihakikisha kwanza kwamba juu yake imebaki nafasi ya kutosha ili isigonge sakafu. Kwa ekseli nilipata kabari za chuma za nyuzi 1.5 nikaziweka juu ya springi, upande mnene ukielekea mbele, ili pua ya difu, yaani upande wake wa mbele unaofungwa propela, iinuke. Sikuipandisha hadi ilingane kabisa na giaboksi, kwa sababu kwenye springi za mabamba pua ya difu huinuka yenyewe dereva anapokanyaga mafuta. Vipimo vya mwisho vilikuwa giaboksi nyuzi 3.5, propela 1.5, difu 3. Krosi ya mbele ikapata pembe ya nyuzi 2 na ya nyuma nyuzi 1.5. Nilifunga krosi mpya pande zote mbili.

Katika safari ya kwanza nilipita kilomita 80, nikapita 90, nikafika 105, na mpini wa gia ukakaa kimya. Nilizisoma namba za gari lililokuwa nyuma yangu herufi kwa herufi, na sikuona aibu kuzisoma kwa sauti. Baada ya kilomita 500 nilizikaza tena bolti za U zinazobana ekseli, nazo zilikuwa zimelegea kidogo baada ya kabari kukaa mahali pake, nikapima pembe upya na kuzikuta vilevile. Kuna mvumo mdogo unaosikika ninapoachia mafuta kwenye mteremko karibu na kilomita 90, kwa kuwa hapo pua ya difu huinama na zile pembe mbili huachana tena kidogo. Nimeamua kuuacha, maana kuuondoa ni kuurudisha upande wa kukanyaga mafuta, ambako gari hutumia muda wake mwingi zaidi.