Dende ndani ya nyumba Bukavu: kinachomuua si baridi

Kule Kabare na Walungu, vijijini nje ya Bukavu, mashariki ya Kongo, dende, au kobayi kama wengine wanavyomwita (Watanzania humwita simbilisi), hulala jikoni, nyuma ya mafiga. Watoto humletea nyasi jioni, na hakuna anayemhesabia vitamini. Mchukue huyohuyo, umpandishe Ibanda, mjini Bukavu, umweke kwenye katoni chini ya meza ya televisheni, umlishe pumba ya mahindi na kipande cha karoti. Wiki ya tatu anaanza kuchechemea, manyoya yanasimama, akishikwa anapiga kelele. Siku chache baadaye amekufa, na wenyeji wanasema ni baridi ya Bukavu.

Baridi imesingiziwa. Dende asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Nyuzi 18 hadi 24 ndizo anazozipenda, na ndizo hali ya hewa yetu sehemu kubwa ya mwaka. Kilichomuua ni kwamba mwili wake, kama wa binadamu, hauwezi kutengeneza vitamini C. Sungura anaweza, panya anaweza, yeye hawezi. Nyasi mbichi za kijijini zilikuwa zikimpa bila mtu kujua. Pumba haina, nyasi iliyokauka muda mrefu karibu haina, na vidonge vya chakula cha sungura havikuongezewa, kwa sababu sungura hahitaji.

Kiasi anachohitaji ni miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito, kila siku. Mwenye mimba apewe za juu. Mkubwa huwa na gramu 700 hadi 1,200, kwa hiyo lenga miligramu 20 na hutakosea sana. Pera ndilo rahisi kuliko yote: gramu 100 zina zaidi ya miligramu 200, hivyo kipande cha gramu 10 kinamaliza kazi ya siku. Pilipili hoho ya kijani, ile tunayoita puavro, ina kama 80 kwa gramu 100. Kata kipande cha gramu 25. Chungwa lina kama 50, lakini sukari yake ni nyingi. Karoti ambayo kila mtu humpa ina miligramu 6 tu au karibu na hapo. Ni peremende, si dawa.

Mapera yakikosekana sokoni Kadutu, nunua kidonge cha kawaida cha vitamini C cha miligramu 500, si kile kinachotoa povu. Kisage, kiyeyushe katika mililita 50 za maji safi: kila mililita sasa ina miligramu 10. Mpe mililita 2 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ukilipitishia pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, polepole asije akapaliwa. Yanayobaki kunywa mwenyewe, kwa sababu kesho nguvu yake itakuwa imepungua. Usiyatie kwenye maji yake ya kunywa: mwanga unaiua vitamini, ladha inabadilika, naye anaacha kunywa kabisa.

Chakula chenyewe ni nyasi, na nyasi iwepo saa zote, usiku na mchana. Si kwa ajili ya tumbo peke yake. Meno yake yote 20 hukua maisha yake yote, na kinachoyasaga ni kutafuna nyasi ngumu kwa saa nyingi. Akila laini tu, magego hurefuka na kuufunga ulimi. Utamwona anakisogelea chakula, anakishika, anakiachia, mate yanamtoka. Matete machanga yaliyokatwakatwa yanafaa, na nyasi yoyote ya kawaida ya malisho. Kosa la mjini ni kununua gunia zima na kuliacha limefungwa. Nyasi mbichi iliyobanwa hupata joto katikati, huchacha, na akiila tumbo hujaa gesi. Mimina yote, itandaze kivulini, ibaki yenye unyevunyevu wake lakini isiwe na joto. Ile ya kando ya barabara, yenye vumbi, mafuta ya magari na kinyesi cha mbwa, iache hukohuko.

Matembele humpa hamu, mpe konzi moja kwa siku. Lengalenga kidogo, mara moja au mbili kwa wiki, maana majani ya namna hiyo yakizidi huchangia vijiwe kwenye kibofu. Kabichi nayo kidogo. Visivyoruhusiwa kabisa ni majani ya viazi mviringo na ya nyanya, kitunguu cha aina yoyote, avoka pamoja na majani na ganda lake, na sombe (majani ya muhogo) mbichi: sumu ile ile inayotufanya tuitwange na kuichemsha, yeye anaimeza nzima. Mkate, wali na ugali pia hapana. Wanga huchachia tumboni mwake.

Sasa nyumba yake. Kwa dende wawili sakafu isipungue sentimita 120 kwa 60. Tripleksi (plaiwudi) moja ya kawaida, 122 kwa 244, inatosha: kata sakafu ya 122 kwa 60, pande mbili ndefu za 122 kwa 40, kisha kwenye kipande kilichobaki kata pande fupi mbili za 60 kwa 40. Mabaki yanatosha kibanda cha kujifichia chenye milango miwili, kwa sababu kibanda cha mlango mmoja humfanya aliye dhaifu azingirwe humo ndani. Juu weka fremu yenye wavu wa matundu ya sentimita 1. Dende mwenyewe haruki sana; wavu ni kwa ajili ya paka, na zaidi kwa ajili ya panya, ambao katika nyumba za mbao za mteremkoni hawakosekani, na dende mchanga hawezi kujitetea.

Mkojo ndio unaoiozesha mbao. Tandika balatumu (zulia la plastiki) sakafuni, uipandishe sentimita 15 ukutani, kisha ubane ukingo wake kwa ubao mwembamba, la sivyo ataanza kuutafuna usiku huohuo. Inua sanduku juu ya matofali, lisigusane na saruji. Usitengeneze sakafu ya wavu hata kama fundi atakushawishi kwamba ni safi zaidi: nyayo zake hazina manyoya, waya huzikwaruza, vidonda huingia wadudu na mguu huvimba mpaka mfupa.

Juu ya balatumu weka magazeti manne au matano, kisha maranda, sentimita 5. Maranda, si vumbi la mbao. Vumbi huingia puani na, kwa dume, hunasa kwenye uume. Muulize seremala ni mti gani. Wa sipre na msonobari wenye harufu kali unachoma mapafu, na mbao zilizopakwa dawa ya mchwa usiziguse. Palipolowa ondoa kila siku, badilisha yote kila siku ya tatu au ya nne. Tabaka jeupe linalogandamana pembeni ni chokaa ya mkojo. Siki huliyeyusha kwa dakika 10. Kipimo cha usafi ni kupiga magoti, ukaweka pua yako pale ilipo yake. Macho yakikuwasha, yeye amekuwa akivumilia hivyo tangu jana.

Moshi ndilo jambo ambalo kijiji hakikutufundisha vizuri. Dende wa jikoni hukohoa, hatumsikii tu. Mjini umeme ukikatika na mbabula (jiko la makala, yaani mkaa) ikaingizwa chumbani, hewa ya makala inamfikia chini kama inavyokufikia wewe. Aondoke chumba hicho. Asikae pia dirishani nyuma ya kioo, wala karibu na mabati saa sita. Joto likipita nyuzi 28 hulala ubavu akihema, na hapo mpoze kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, si ya baridi sana.

Mmoja peke yake hanawiri. Chukua majike wawili, au dume aliyehasiwa na jike. Wauzaji wa soko hukosea jinsia kila mara, kwa hiyo angalia mwenyewe: sehemu ya siri ya jike ina umbo la herufi Y; dume, ukibonyeza taratibu juu ya tundu, uume hutokeza. Ukikosea utalijua baada ya siku 59 hadi 72, na mama anaweza kushika mimba nyingine saa chache baada ya kuzaa. Watoto wa kiume watoe wakifikisha wiki 3. Jike ambaye hajawahi kuzaa na amepita miezi 7 asipandwe kabisa: mifupa ya nyonga imeshaungana, mtoto hapiti, wote wawili hufa.

Kuhusu dawa, usimpe amoksisilini, ampisilini wala penisilini ya kumeza, hata kama ndizo zilizoko kabatini. Zinaua bakteria wazuri wa utumbo, wale wenye sumu wanatawala, na anakufa kwa kuhara akiwa ametibiwa kikohozi. Kotrimoksazoli anaivumilia, lakini kipimo akitoe daktari wa mifugo. Akijikuna mpaka ngozi inatoa unga na vidonda, ni upele wa utitiri, na ivermektini inaumaliza. Hapo watu huua kwa bomba. Ile ya ng'ombe ina miligramu 10 kwa mililita, na mililita 1 imepimwa kwa mnyama wa kilo 50. Dende wa kilo 1 anahitaji sehemu moja ya hamsini: mililita 0.02, ambayo hata bomba la insulini linaipima kwa shida. Mwambie daktari aizimue kwanza. Mtoto wa nyumbani akitokwa na duara jekundu mkononi, wachunguzwe wote wawili. Choa huvuka kutoka kwake kuja kwetu.

Mpime kila Jumapili kwa mizani ya jikoni, kwenye bakuli, uandike ukutani. Kupungua gramu 50 kwa wiki mara nyingi hutangulia dalili nyingine. Akikaa saa 12 bila kula, usingoje kesho, kwani utumbo wake hausimami bila kuharibika. Mkojo mweupe wenye ukungu ni wa kawaida, mwekundu si wa kawaida.

Kinyesi chake na maranda yaliyolowa vinafaa shambani. Mavi makavu yatupe moja kwa moja kwenye tuta la matembele. Maranda yarundike kwanza, yafunikwe miezi kadhaa hadi yaoze, kwa sababu mabichi hunyonya rutuba ya udongo na mboga hugeuka njano.