Msimu ambao Bobby Hull aliweka gongo la hoki chini kwa ajili ya wageni

Zamu yangu ya usiku huanza saa tano. Nikishagawa dawa za saa sita na kuwageuza wale wasioweza kujigeuza, nabaki na mzee mmoja asiyepata usingizi. Chumba chake ni cha mwisho kwenye korido, upande wa dirisha linaloingiza baridi. Huku Winnipeg, Kanada, watu wazima huitwa kwa majina yao tu, hata na watoto wadogo. Mimi mtu wa Tanga, ulimi ulikataa. Nikamwambia kwetu mtu wa umri wake ni babu, akalipenda neno. Sasa nikiingia namwambia shikamoo babu, naye anajibu marahaba kwa lafudhi yake nzito ya fundi wa reli, kisha ananionyesha kiti.

Ukutani kwake pana picha mbili. Moja ya mkewe marehemu. Nyingine ya wanaume waliojipanga juu ya barafu na kombe mbele yao, rangi zimefifia zikawa za kahawia. Nilipita mbele ya picha hiyo kwa miezi bila kuuliza. Siku nilipouliza ndipo nilipoanza kuujua mji ninaoishi.

Ni timu ya Winnipeg Jets, msimu wa 1975–76. Hoki ya barafu. Kwa ndugu zangu wa nyumbani mnaojua mpira wa magongo wa nyasini, ule ambao Kenya ilishika nafasi ya 4 kwenye Kombe la Dunia mwaka 1971, hebu ondoeni nyasi, wekeni barafu. Wavisheni wachezaji viatu vyenye visu chini. Mpira nao uwe kisahani cheusi kigumu kinachoitwa paki, kina gramu 170 hivi, na hugandishwa kwenye friji kabla ya mechi ili kisidundedunde. Wanacheza watano na kipa, vipindi vitatu vya dakika 20, na kila mchezaji hukimbia kwa muda usiofika dakika moja hivi kisha anaruka ukuta kwenda benchi, mwingine anaingia, maana mwendo ule hakuna mapafu yanayouhimili. Na wanaruhusiwa kugongana kwa mwili. Hapo kwenye kugongana ndipo hadithi ya babu ilipo.

Ligi kubwa ya hoki huku ni NHL, na wakati ule Winnipeg haikuwamo. Mwaka 1972 ikaanza ligi ya kushindana nayo, ikiitwa WHA, na Winnipeg ikapata timu. Ligi mpya ilihitaji jina kubwa la kuifanya ionekane ligi kweli. Jina hilo likawa Bobby Hull, winga wa kushoto wa Chicago, mtu ambaye mashuti yake makipa waliyaogopa. Vilabu vya ligi mpya vikachangishana, vikampa dola milioni 1 mkononi ili akubali kusaini, mbali na mshahara wake. Tarehe 27 Juni 1972 akaletwa kwenye kona ya barabara za Portage na Main, katikati ya mji, umati ukafurika. Babu alikuwepo, kapanda bega la rafiki yake. Kona hiyo naijua vizuri. Napita pale kwenda kubadilisha basi, na wakati wa baridi upepo wake unakata masikio kama wembe.

Miaka miwili baadaye mwenye timu alitaka kuiuza, ikawa hatarini kuondoka. Watu wa Winnipeg wakachanga, timu ikawa mali ya mji wenyewe. Babu naye alichanga. Hapo nilimwelewa mara moja, maana nami nimekulia kwenye klabu za wanachama. Baba yangu alikuwa mtu wa Coastal Union, Wagosi wa Kaya, timu ya soka ya kwetu Tanga, na siku wakifungwa uwanjani Mkwakwani chakula cha jioni kilikuwa hakiliki nyumbani kwetu. Timu uliyoitolea senti yako huwezi kuitazama kama unavyoitazama timu ya tajiri.

Mwaka huohuo wa 1974 Jets walifanya jambo ambalo vilabu vya huku vilikuwa havijathubutu kulifanya kwa kiasi kile. Wakaleta wachezaji kutoka Ulaya ya kaskazini, si mmoja wala wawili. Kutoka Sweden walikuja Anders Hedberg, Ulf Nilsson na beki mfupi, Lars-Erik Sjöberg. Kutoka Finland wakaja Veli-Pekka Ketola na Heikki Riihiranta. Mwaka uliofuata wakaongezeka wengine. Wakampanga Hull kushoto, Nilsson katikati, Hedberg kulia. Msimu wa kwanza tu wa utatu huo Hull akafunga mabao 77 katika mechi 78.

Sasa sikilizeni walichofanyiwa wageni wale.

Katika hoki ya Kanada ya miaka ile, kupigana kulikuwa sehemu ya mchezo, na kila timu ilikuwa na watu wake wa kazi hiyo. Waswidi hawakulelewa hivyo. Wao walifundishwa kuteleza, kutoa pasi na kutafuta nafasi. Kwa hiyo wakaitwa waoga. Waliitwa kuku, uwanjani na majukwaani. Walipigwa magongo ya mikono na migongo, walibamizwa ukutani paki ikiwa imeshaondoka, walivamiwa kwa nyuma, na mara nyingi refa aliangalia pembeni. Wengine waliwapiga kwa sababu tu walikuwa wageni waliochukua nafasi za wenyeji. Babu alinisimulia hili polepole, macho yake yakiwa kwenye picha. Alisema hata baadhi ya watu waliokaa naye jukwaani, mashabiki wa Jets hasa, mwanzoni waliona sawa tu: wamekuja wenyewe, wazoee.

Hilo neno la wazoee nalijua. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii, mahali pengine na si hapa nilipo sasa, mtoto wa mama mmoja niliyekuwa nikimhudumia alisimama mlangoni akasema mbele yangu na mbele ya wenzangu wawili kwamba hataki mama yake aguswe na mimi. Alisema hanielewi ninavyoongea. Wenzangu walitazama sakafu. Mmoja aliendelea kukunja mashuka. Nilitoka nikaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa zamu yangu, na maji yalikuwa ya moto kuliko yanavyopaswa, sikuyapunguza. Yule mtoto nilishamsahau sura. Yale mashuka yanayokunjwa ndiyo ninayoyaona mpaka leo.

Kwa hiyo babu aliponieleza Oktoba 1975, niliacha kuandika kwenye faili nililokuwa nalo.

Msimu ndio kwanza umeanza. Wachezaji wenzake wanaendelea kuumizwa. Bobby Hull, mwenye jina kubwa kuliko mtu yeyote katika ligi ile, mtu ambaye watu walinunua tiketi ili wamwone yeye, akagoma. Aliweka gongo chini, akakataa kucheza mechi nzima, akasema wazi kwamba ukatili ule unauharibu mchezo. Hakuwa majeruhi. Hakuwa anadai pesa. Ilikuwa mechi moja tu, lakini nchi nzima ikaanza kujadili jambo ambalo kila mtu alikuwa amelinyamazia.

Hull hakuwa mtu mwema katika kila kitu, na sitaki kumpamba. Mke wake wa zamani alikuja kueleza hadharani kipigo alichokipata kwake nyumbani, na hilo halifutiki kwa mabao wala kwa mgomo. Babu mwenyewe alilitaja bila mimi kumuuliza, akatikisa kichwa, akakaa kimya muda. Lakini lile la Oktoba alilifanya, na lilikuwa la kweli kwa wale waliokuwa wakipigwa.

Nilimuuliza babu, je, kupigwa kulikoma? Akasema hapana. Kulipungua kidogo, basi. Kilichowanyamazisha watu hasa ni mabao.

Huo ndio msimu wenyewe. Mechi 81, Jets wakashinda 52, wakatoka sare 2, pointi 106. Hull alifunga mabao 53, Hedberg 50. Nilsson alifunga 38 na kutoa pasi za mabao 76. Kocha alikuwa Bobby Kromm, langoni Joe Daley. Kwenye ulinzi alikuwepo pia Ted Green, ambaye mwaka 1969 alipasuliwa fuvu kwa gongo akiwa na Boston, akapona, akarudi kucheza. Fikiria mtu kama huyo anavyowatazama vijana wanaopigwa magongo mbele yake.

Na ligi yenyewe ilikuwa inaporomoka chini ya miguu yao. Ilianza msimu na timu 14. Denver ikahamishiwa Ottawa katikati ya msimu kisha ikafa kabisa. Minnesota nayo ikaishiwa pesa, ikafunga milango mwezi Februari. Wachezaji walikuwa wakiamka hawajui kama bado wana mwajiri. Sisi tunaofanya kazi za mkataba huku ugenini hatuhitaji kuelezwa usingizi wa namna hiyo.

Aprili ikaja mtoano, na kabla Jets hawajakutana na Calgary likatokea jambo baya kuliko yote. Tarehe 11 Aprili 1976, mjini Quebec, mchezaji wa Calgary aitwaye Rick Jodzio alimvamia Marc Tardif wa Quebec, akampiga mpaka akazimia na ubongo ukaumia. Tardif alikuwa amefunga mabao 71 msimu huo, mfungaji bora wa ligi. Wachezaji wa pande zote wakamwagika barafuni kupigana. Jodzio akafikishwa mahakamani. Babu alisema siku hiyo ndipo watu wengi waliokuwa wakimcheka Hull kwa mgomo wake walipoacha kucheka.

Jets waliitoa Edmonton kwa mechi 4 bila kupoteza, wakaitoa Calgary hiyohiyo kwa 4–1, wakaingia fainali na Houston. Houston walikuwa mabingwa wa miaka miwili mfululizo, nao msimu huo walikuwa na pointi 106 sawasawa na Jets. Walikuwa na Gordie Howe, mwenye miaka 48, akicheza timu moja na wanawe wawili, Mark na Marty. Baba na watoto kwenye benchi moja! Hata babu, Houston wakiwa maadui zake, hulisema hilo kwa heshima.

Fainali iliisha kwa mechi 4 kwa 0. Ya mwisho ilichezwa hapa Winnipeg, Jets wakashinda 9–1. Mchezaji bora wa mtoano alikuwa Ulf Nilsson, mgeni, pointi 26, yaani mabao na pasi za mabao, katika mechi 13. Wale walioitwa kuku.

Usiku mmoja nilimwambia babu kwamba sioni hasa walicheza vipi hata wakawashinda watu wenye nguvu kuliko wao. Akaniomba vikombe vitatu vile vidogo vya plastiki tunavyowekea dawa. Akavipanga juu ya meza ya kitanda. Akasema, Wakanada walicheza hivi: kila winga kwenye njia yake, anapanda na kushuka kama treni kwenye reli. Akasogeza vikombe mbele na nyuma kwa mistari iliyonyooka. Halafu akasema, hawa walicheza hivi. Mkono wake unatetemeka, lakini vikombe vilizunguka vizuri: cha kulia kikakata kwenda kushoto, cha katikati kikabaki nyuma, cha kushoto kikaingia katikati bila chochote, na paki, kidonge kimoja cha vitamini, ikaachwa mahali ambapo hapakuwa na mtu. Kisha kikombe kikafika. Nilsson, akasema, alikuwa anatoa pasi kwa mtu ambaye bado hajafika.

Mtindo huo haukufia hapa. Edmonton ya miaka ya 80 iliyotwaa makombe ya NHL ilijengwa juu ya mchezo huu wa kuzunguka na kubadilishana nafasi, na kocha wao Glen Sather alikiri aliuona kwa Jets. Tarehe 5 Januari 1978 Jets waliifunga timu ya taifa ya Umoja wa Kisovyeti 5–3, Hull akafunga matatu. Walitwaa kombe la WHA tena 1978 na 1979. Ligi ilipokufa wakaingia NHL, na Sjöberg, yule beki mfupi, akawa nahodha wa kwanza aliyelelewa Ulaya katika historia ya NHL. Timu ikaondoka mjini 1996, babu akalia, nyingine ikaja 2011 na jina lilelile. Ukumbi wa zamani wa Barabara ya Maroons ulibomolewa 2006.

Nilitoka zamuni saa moja asubuhi, bado giza. Mwanangu alikuwa mezani anasubiri chai. Ana miaka tisa, na msimu huu ameanza kuteleza kwenye uwanja wa mtaani, ule ambao majirani huumwagia maji kwa mpira wa bustani mwezi Desemba na kuuacha ugande. Nikachukua vikombe vitatu vya chai, nikavipanga kama babu alivyovipanga, na punje ya karanga ikawa paki. Nikavizungusha. Akatazama, akasema nirudie. Niliporudia, kabla sijafika mwisho, akanyoosha mkono akaisukuma ile karanga mwenyewe, mbele kabisa, penye meza tupu.