Ukifika Vietnam, kaa kwenye kile kiti kidogo

Tangu nirudi Vietnam watu wananiuliza swali lilelile, Ha Long ikoje, na mi nawaelewa kwasababu zile picha za milima ya mawe iliyochomoza baharini kila mtu anazo kwenye simu. Ha Long ni nzuri, sina ubishi, visiwa kama 1,600 vya mawe ya chokaa, UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia tangu 1994. Ila kama siku zako ni chache na hela ni ya kubana, naomba upunguze muda wa Ha Long uupeleke kandokando ya barabara, pale walipopanga viti vya plastiki vifupi ambavyo ukikaa magoti yanakufika kifuani. Vietnam inaishi pale.

Anzia Hanoi, mitaa ya zamani karibu na ziwa la Hoan Kiem. Alfajiri mama anakuwa kashawasha jiko zamani, sufuria kubwa ya mifupa ya ng'ombe imechemka masaa kibao na mdalasini na tangawizi iliyobabuliwa motoni, anachovya tambi za mchele kwenye maji ya moto kidogo tu, anaziweka kwenye bakuli, anapanga juu vipande vya nyama mbichi vyembamba mno, alafu ndo anamimina supu, na ile nyama unaiona kwa macho yako inaiva palepale kwenye bakuli, wekundu unaisha taratibu. Hiyo ndo pho. Hanoi wanakuwekea ndimu, pilipili na siki ya vitunguu saumu, ukienda kusini wanakuletea na sinia zima la majani mabichi na chipukizi, na kila upande wanaapa kwamba ya kwao ndo yenyewe. Sisi tuliokulia supu na chapati asubuhi wala hatuhitaji kushawishiwa.

Alafu usishangae ukiulizwa umri wako hata kabla ya jina. Sio umbea. Kule mtu hawezi kuongea na wewe vizuri mpaka ajue akuite kaka, dada, mdogo wangu au shangazi, na ukishamjibu mambo yanabadilika kabisa, unaongezewa nyama, unaonyeshwa picha za wajukuu, mazungumzo yanaenda kwa mikono na simu ya kutafsiri mpaka bakuli linapoa.

Kahawa sasa. Vietnam ni ya pili duniani kwa kuzalisha kahawa baada ya Brazil, na sehemu kubwa ni robusta, ileile jamii ya kahawa wanayolima ndugu zetu wa Kagera. Wanaichuja kwa kikombe kidogo cha bati chenye matundu chini, wanakiita phin, kinakaa juu ya glasi na kahawa inadondoka tone kwa tone juu ya maziwa mazito ya kopo, huwezi kuiharakisha, unakaa tu unaangalia pikipiki zinapita. Hanoi wana na kahawa ya yai, kiini kinapigwa na maziwa ya kopo mpaka kinaumuka kinakuwa povu zito, aliyeianzisha ni Nguyen Van Giang mwaka 1946 kipindi maziwa ya kawaida yalikuwa adimu. Wanakuletea kikombe kikiwa ndani ya bakuli la maji ya moto ili kisipoe. Najua wengi mtakunja uso mkisikia yai kwenye kahawa. Jaribuni tu, haina shombo hata kidogo.

Kuvuka barabara kunatisha sana mwanzoni, pikipiki hazikatiki, ukisubiri zikatike utalala hapo. Unachofanya ni kushuka barabarani na kutembea taratibu kwa mwendo uleule, usikimbie, usirudi nyuma, usisimame ghafla, madereva wanakusoma unavyoenda wanakupitia pembeni. Gari kubwa na basi hazimo kwenye utaratibu huo, hizo zisubiri zipite.

Kwa mandhari, mi nikiambiwa nichague sehemu moja nachagua Ninh Binh, iko kusini ya Hanoi, kama kilomita 100 hivi. Ni milima ileile ya chokaa kama ya Ha Long ila huku imezungukwa na mito na mashamba ya mpunga. Unapanda mtumbwi Tam Coc au Trang An, na pale Tam Coc utawakuta akina mama wanapiga makasia kwa miguu, kaegemea nyuma, kofia ya majani kichwani, nyayo zinasukuma kasia kama vile kazaliwa nalo, mnapita chini ya mlima kwenye pango mpaka unainamisha kichwa, giza, maji yanadondoka kutoka kwenye mwamba, alafu mnatokea upande wa pili mpunga umejaa mpaka ukingoni. Mwisho wa mwezi wa tano kuingia wa sita mpunga unakuwa wa njano, nendeni kipindi hicho kama mnaweza, na mpeni yule mama chochote mkishuka maana ile kazi ni nzito.

Kutoka hapo panda treni. Reli ya Hanoi mpaka Saigon (jina rasmi ni Ho Chi Minh City, ila wenyeji wengi bado wanasema Saigon) ni kilomita 1,726, sio lazima uimalize yote, ila kipande cha Hue kwenda Da Nang usikiruke. Kaa dirisha la kushoto. Treni inajikunja taratibu kwenye mlima wa Hai Van, bahari iko chini yako kabisa, unaona na mabehewa ya mbele yakiingia handakini. Hue yenyewe ndo ilikuwa makao ya wafalme wa ukoo wa Nguyen kuanzia 1802 mpaka 1945, ngome yao bado ipo, nusu siku inatosha.

Da Nang unachukua gari mpaka Hoi An, mji wa bandari ya zamani, na mtu wa pwani ukiingia pale moyo unatulia wenyewe. Wajapani na Wachina waliishi pale wakifanya biashara, wakaacha nyumba na daraja lenye paa, baadae mto ukajaa mchanga, meli kubwa zikahamia Da Nang, na mji ukabaki vilevile. Nimewaza sana Kilwa na Lamu nikiwa pale. Usiku wa tarehe 14 kwa kalenda ya mwezi wanazima taa za umeme mji wa kale unabaki na taa za karatasi na hariri tu.

Kwa Waislamu wenzangu, nguruwe ni mwingi na anaingia hata kwenye supu, hivo ulizeni kwanza, na mkiona bango limeandikwa "chay" hapo hakuna nyama. Hanoi kuna msikiti wa Al-Noor mtaa wa Hang Luoc, walioujenga ni wafanyabiashara wa Kihindi karne ya 19, na Saigon kuna wa mtaa wa Dong Du wa mwaka 1935, migahawa ya halali iko jirani yake.

Kitu kilichonigusa kuliko vyote ni korosho. Zimejaa madukani, zimekaangwa na chumvi, ngozi yake nyembamba bado ipo, zimefungwa vizuri kwenye makopo ya zawadi. Vietnam inaongoza kuuza nje korosho iliyobanguliwa na sehemu kubwa ya ghafi inanunua Afrika, ikiwemo hii yetu ya Mtwara na Lindi. Nilisimama nalo kopo mkononi nikiwaza wakulima wa Newala, na bei niliyokuwa naiangalia. Tunaweza kubangua wenyewe, naamini hivo kabisa.

Visa unaomba mtandaoni, tangu Agosti 2023 raia wa nchi zote wanaruhusiwa na wanakupa mpaka siku 90, dola 25 ya kuingia mara moja. Ndege wengi tunapitia Doha au Dubai. Noti ya dong (hela yao) 20,000 na ya 500,000 zote zina rangi ya bluu, zitenganisheni kwenye pochi. Na kabla hamjakata tiketi angalieni hali ya hewa mkoa kwa mkoa, kwasababu Hoi An mwezi wa kumi na wa kumi na moja maji yanaingia mpaka madukani, na kaskazini Januari ni baridi ya sweta na koti.